Chuma Tunachowatilia Wenzetu

Ndugu zangu mafundi wa Busia na Tororo, pamoja na sisi sote tunaokula kwa jasho la mikono hapa mpakani, leo naomba tuzungumze juu ya kitu kidogo: pini. Nasema juu ya kile kipande cha chuma kinachoushika mkono wa pedeli usicheze, kinachounga trela na trekta, kinachozuia gurudumu la baiskeli ya mlemavu lisichomoke njiani. Kiwandani kilitengenezwa kwa kipimo na kwa chuma kilichochaguliwa. Kikikatika, na dukani kikakosekana au kikawa kwa bei ambayo mteja haimudu, mtu huja kwetu, nasi tunamchongea kingine. Hapo ndipo swali linapotukuta: tumchongee kwa chuma gani?

Wapo watakaosema hilo ni swali la ufundi, halina haja ya nasaha. Mimi naona ufundi unalijibu nusu tu. Pini ikishapigwa nyundo ikakaa mahali pake, haionekani tena. Mteja anaona nati iliyokazwa na grisi mpya juu yake, analipa, anaondoka. Alichotiwa ndani anakijua fundi peke yake. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na katika kazi yetu kata ni moja tu, nayo iko mkononi mwetu.

Sisi si wageni wa chuma. Vilima vya Samia, ambavyo mpaka wa wakoloni uliwagawa watu wake huku na huku, vina mawe yenye chuma, na wahunzi wa Kisamia waliyayeyusha kwa mkaa na mivukuto muda mrefu kabla ya reli kufika nchi hizi. Majembe yao yalisafiri mbali kandokando ya ziwa, yakauzwa kwa majirani wa lugha nyingine, na jembe likawa sehemu ya mahari. Hebu tafakarini maana ya jembe kuwa mahari. Familia mbili zinaungana, na katika vitu vinavyowekwa mbele ya wazee kipo chuma cha mhunzi fulani. Likipinda kwenye tuta la kwanza, aibu haiishii kwa mkwe. Inarudi hadi kwenye tanuri. Mhunzi yule hakuwa na risiti wala muhuri wa shirika la viwango. Alikuwa na jina, nalo lilitangulia mbele ya bidhaa yake. Sisi tuliorithi nyundo yake tumeurithi na huo wajibu, tupende tusipende.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Busia ndiyo iliyoizaa boda boda. Katika miaka ya 1960 vijana wa hapa walianza kubeba watu na mizigo kwa baiskeli kuvuka ile ardhi iliyoko kati ya vituo viwili vya mpakani. Leo pikipiki zimeshika njia, na tangu Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipokizindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, mambo ya kuvuka yamebadilika sana. Lakini baiskeli nyeusi nzito haijafa. Bado inabeba makaa, mitungi ya maji, vitanda, kuku, na mama mwenye mtoto mgongoni. Na katika baiskeli hiyo mkono wa pedeli unashikwa kwenye ekseli na kota pini, yenye ubapa ulioinama upande mmoja na uzi wa nati mwishoni. Nyingi za baiskeli hizi, za asili ya Kiingereza na Kihindi, zinatumia pini ya unene wa milimita 9.5. Kila mguu unapokanyaga, uzito wote wa mwendeshaji na mzigo wake unapita kwenye ubapa huo.

Njia iliyo rahisi kuliko zote tunaijua. Unaokota kipande cha nondo ya milimita 10 kilichobaki kwenye jengo la jirani, unakibana kwenye jiliwa, unaziondoa mbavu zake kwa tupa, unachonga ubapa, unapiga uzi, na kabla chai haijapoa pini imepatikana. Inang'aa. Inaingia vizuri. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ya dukani. Lakini nondo ilitengenezwa kulala ndani ya zege, na chuma chake kinatakiwa kipinde na kuvutika kabla ya kukatika. Nyingi zinazouzwa huku zimeyeyushwa kutoka vyuma chakavu, kipande hiki si sawa na kile. Tena zile za siku hizi zina gamba gumu nje na moyo laini ndani, nasi kwa tupa yetu tunaondoa gamba na kuubakiza moyo. Pini hiyo inaanza kubonyea siku ile ile. Mwendeshaji anausikia mkono wa pedeli ukigonga kila unapozunguka. Anakaza nati. Kesho anakaza tena. Baada ya muda tundu la mkono wa pedeli limepanuka na ubapa wa ekseli umekuwa duara, na mtu aliyekuja kwetu kwa sababu hakuwa na fedha ya pini sasa anatafuta fedha ya ekseli na ya mkono. Hayo ni ikiwa Mungu amemsitiri, na mguu haukuteleza siku alipokuwa mbele ya lori linalotoka Malaba.

Je, kutumia nondo ni dhambi? La, ndugu zangu, wala sisemi hivyo. Usiku umeingia, duka limefungwa, mtu ana safari ya kurudi Nambale na mzigo wake. Fundi anayemtilia kipande cha nondo na kumwambia waziwazi, "Hii ni ya kukufikisha nyumbani, kesho nunua ya dukani, usipakie mtu," amemtendea wema. Fundi anayemtilia kipande kile kile na kunyamaza amemwibia. Chuma ni kimoja, nyundo ni moja, bei hata inaweza kuwa moja. Kilichotofautiana ni maneno machache ambayo mmoja aliyasema na mwingine akayameza. Waislamu miongoni mwetu wanaijua habari ya Mtume aliyeingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta majimaji ya mvua chini ya kikavu, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakukiweka juu watu wakione. Kosa la yule muuzaji halikuwa mvua iliyomnyeshea. Wakristo nao wanayo maonyo juu ya mizani ya udanganyifu. Sidhani kama yupo kati yetu anayehitaji kufundishwa upya jambo hili.

Lipo kosa la upande wa pili, nalo halisemwi sana, kwa sababu linafanana na wema. Ni la fundi anayeona fahari kutia chuma kigumu kila mahali. "Hii ni springi ya lori," anasema akijipiga kifua, "haitakatika mpaka ufe." Springi ya gari ni chuma kizuri, hilo halina ubishi, kina kaboni ya kutosha kugeuka kigumu ukikipika mpaka kiwe chekundu na kukitumbukiza majini. Lakini kikiachwa hapo tu kinakuwa kigumu cha kukatika kama kioo. Lazima kirudishwe motoni polepole mpaka kiive rangi ya nyasi kavu, kisha hudhurungi, hadi samawati ikihitajika, ndipo ukali wake upungue na kibaki na uvumilivu. Fundi mwenye haraka haifanyi hatua hiyo ya pili. Anajua kwamba mteja akijaribu kuikwaruza pini kwa kisu itagoma, na mteja ataridhika. Na hata aliyeipika vizuri bado hajajiuliza swali kubwa: je, mahali hapa panataka ugumu? Kota pini ngumu kupita ekseli hailiwi yenyewe, inaila ekseli. Mwenye kuumba kile chombo alitaka kitu cha bei ndogo kichakae ili cha bei kubwa kipone.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni mashine ya kupukuchua mahindi inayozungushwa na trekta. Kwenye shafti yake huwekwa pini ambayo kazi yake ni kukatika. Jiwe likiingia, au gunzi likakwama, pini inakatika, shafti inazunguka bure, na giaboksi inasalimika. Mkono wa mtu pia unaweza kusalimika. Msimu wa mavuno pini hiyo hukatika mara kwa mara, na mwenye mashine huchukia kusimamisha kazi huku foleni ya wakulima ikimtazama. Basi huja kwa fundi: "Nitilie isiyokatika." Hapa fundi mwaminifu analazimika kumkatalia mtu mwenye fedha mkononi, na kukataa fedha si jambo dogo kwa mwenye watoto shuleni. Amwambie kwamba anachokiomba ni kuondoa kinga, na kwamba pini laini inayokatika inamtumikia kuliko ngumu inayovumilia mpaka meno ya giaboksi yasagike. Akikubali kumridhisha, amemuuzia fahari badala ya usalama. Na pini ya trela la miwa ni kinyume chake kabisa: hiyo haitakiwi kukatika, kwa maana nyuma yake kuna tani za miwa na barabara yenye watoto wanaotoka shule. Fundi asiyezitofautisha hizi mbili aweke nyundo chini aulize. Kuuliza hakujawahi kumshusha mtu hadhi karakanani.

Nilikaa hivi karibuni kwenye benchi la fundi mmoja upande wa Uganda, si mbali na mtaa wa Sofia. Aliletewa baiskeli ya magurudumu matatu ya mlemavu. Mnazijua: zimechomelewa hapa hapa kwetu, zinasukumwa kwa mikono, na ndugu zetu wenye ulemavu wamekuwa wakivusha nazo mizigo mpakani kwa miaka mingi, magunia yakipangwa mpaka mwenye baiskeli haonekani. Pini ya gurudumu la mbele ilikuwa imepinda. Fundi aliangalia kwenye kopo lake la vipande, akatoa viwili vilivyolingana unene, akavigusisha kimoja kimoja kwenye grainda. Cha kwanza kilitoa cheche ndefu za njano zilizonyooka, zisizopasuka sana. Cha pili kilitoa cheche fupi nyeupe, zikipasuka vijinyota vingi karibu na jiwe. Kisha akapitisha tupa: kwenye cha kwanza ilikula mara moja, kwenye cha pili ikateleza. Akakiweka chini cha pili, kwa sababu kilikuwa kigumu mno kupigwa mishtuko ya mashimo bila kukatika ghafla. Akakiweka chini na cha kwanza, kwa sababu kilikuwa laini. Halafu akatoa bolti nzima iliyoandikwa 8.8 kichwani, akakata sehemu isiyo na uzi, akaichonga hiyo. Mwenye baiskeli akauliza kwa nini bei imezidi kidogo. Fundi akamwonyesha vipande vyote vitatu, akamweleza. Yule bwana akacheka, akasema, "Haya mwalimu, nimefundishwa na nimelipa karo." Akatoa shilingi za Uganda, akaongeza na za Kenya kujaza pengo.

Maandishi hayo ya kichwani mwa bolti ni jambo la kujua, hata kwa wasio mafundi. Ile 8 ya kwanza inasema chuma kinastahimili mvuto wa takriban megapaskali 800 kabla hakijakatika. Ile 8 ya pili inasema kitaanza kupinda moja kwa moja kikifika asilimia 80 ya hapo. Bolti ya 4.6 ina nusu ya nguvu hiyo. Tofauti yao kwa macho ni tarakimu mbili. Kwa hiyo mwenye duka anayepanga bolti za aina zote katika sanduku moja na kuziuza kwa bei ya zile nzuri, naye yumo katika nasaha hii, wala asijifiche nyuma ya fundi. Na anayemuuzia fundi chuma huku akijua kimegongwa alama za uongo, huyo dhamana yake ni nzito zaidi, kwa maana amemfanya mtu mwaminifu kuwa mkono wa udanganyifu bila kujua.

Tusiwasahau wateja. Sisi wateja tunapenda kulalamika kwamba mafundi ni waongo, na wengine kweli ni waongo. Lakini tujiulize jinsi tunavyofika pale karakanani. Tunambana fundi kwa bei mpaka asipate hata ya mkaa. Tunamwambia, "Weka chochote bwana, bora itembee." Yeye anaweka chochote, inatembea, kisha ikikatika tunamtangaza mji mzima. Mtu aliyeomba chochote ameshakubali chochote. Haki ya mteja inaanza na swali la kawaida kabisa: hiki ni chuma gani, na kitafaa kwa muda gani? Fundi akijibu kwa hasira, hamia benchi jingine. Akijibu kwa utaratibu, lipa bei yake bila kumdhalilisha.

Kuna pia suala la chimbuko la chuma chenyewe. Kile kibano kinachoshikilia reli ni chuma cha springi cha hali ya juu, na kila mhunzi anajua tindo nzuri inayotoka humo. Reli inapita Malaba na Tororo, na usiku ni mrefu. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa, na mafundi wengi wasio na hatia wakakosa malighafi kwa miezi kadhaa mpaka katazo lilipoondolewa mwezi Mei. Tuliona basi jinsi mwizi mmoja anavyoweza kufunga karakana mia. Ukiletewa kibano cha reli na kijana asiyeweza kueleza alikokitoa, usijidanganye kwamba wewe umenunua tu. Pini itakuwa imara kweli, na mteja wako atafika salama. Je, abiria na mizigo iliyo juu ya reli ile? Usalama wa mmoja hauwezi kujengwa kwa kuchomoa usalama wa mwingine, na uaminifu wa kazi ya mkono haulisafishi chimbuko lililooza.

Namalizia na jaribu linalotuhusu sisi wa mpakani kuliko mafundi wa mahali pengine popote. Wateja wetu wengi ni wapita njia. Dereva anaelekea Kampala au Kigali, mchuuzi anarudi Bungoma, mwenye pikipiki anavuka na huenda hatutamwona tena. Fundi wa kijijini anajizuia kwa sababu Jumapili atakaa benchi moja kanisani na yule aliyemtilia pini mbovu. Sisi hatuna kizuizi hicho. Shetani anatunong'oneza kwamba ikikatika itakatikia ng'ambo, katika nchi ya wengine, mbele ya polisi wa wengine, na hakuna atakayejua ilitoka kwenye jiliwa gani. Ndiyo maana nasema nia ndiyo inayopimwa hapa kuliko mahali pengine. Haya ya mbele za watu ni rahisi, kwani hata mnafiki anayo. Haya ya pale ambapo hakuna macho ya mtu ndiyo inayotutofautisha na walaghai. Tena tuwe wakweli: ng'ambo hiyo tunayoisema ni kwa shangazi zetu. Wateso wako huku na huku, Wasamia wako huku na huku, na mtu anayeanguka barabarani upande wa pili pengine anaitwa kwa jina la ukoo wako.

Basi ninalo ombi moja la kutekelezwa wiki hii. Wengi wetu tunayo namba ya mteja mmoja au wawili ambao tunajua kabisa tuliwatilia nini. Tusisubiri wapige wao. Mpigie, mwambie pini ile haikuwa ya kudumu, alete chombo uitoe uweke inayofaa, na bei ya safari hii iwe juu yako. Atashangaa, huenda akakasirika, huenda akakuambia maneno makali. Yavumilie. Siku ya soko inakaribia, na keria itakuwa imejaa.